Kiarabu kwa mtoto wa Lubumbashi

Hotuba iliyotolewa katika mtaa wa Kampemba, Lubumbashi, mbele ya wanafunzi wanaomaliza sekondari na wazazi wao. Imepangwa upya kidogo ili isomeke.

Bwana prefe, mkuu wetu wa shule, walimu wenzangu, wababa na wamama mlioacha shughuli za Jumamosi mkaja, na ninyi vijana mnaongojea mtihani wa serikali: hamjambo wote.

Nimealikwa niseme juu ya faida za kujifunza Kiarabu. Nikiwatazama naona wengi mmekuja na jibu tayari, na jibu hilo linaitwa Dubai. Basi tuanze na Dubai, tuimalize mapema.

Wamama wanaopanda ndege pale Luano, wakapitia Addis Ababa au Nairobi, wakashuka Dubai kununua simu, vitambaa na vipuri, wanajua ninachotaka kusema. Ukiingia Deira, mtaa wa maduka wa Dubai, mwenye duka ni Mhindi, Mpakistani au Mwirani. Wanaongea Kihindi, Kiurdu na Kiingereza, na wengine wameshaokota Kiswahili cha kutosha kukuambia "bei ya mwisho, mama". Bei yenyewe inaandikwa kwenye kikokotoo. Unafuta, unaandika yako, anacheka, anaandika nyingine. Mtu anaweza kuifanya biashara hiyo miaka kumi bila neno la Kiarabu zaidi ya salamu. Kwa hiyo mtu akikuambia umlipe akufundishe Kiarabu ili ukanunue bidhaa Dubai, muulize kama yeye mwenyewe amewahi kufika Deira.

Tena nitasema jambo ambalo huenda walionialika hawakulitarajia. Kama shida yako ni kazi ya mwezi ujao, jifunze Kichina. Nenda Kolwezi, nenda Fungurume, kwenye migodi ya makampuni ya Kichina, uulize wakalimani wanaotafutwa ni wa lugha gani. Kiarabu hakilipi haraka namna hiyo, na anayekuahidi hivyo anakudanganya.

Sasa tuje kwenye faida. Mimi ninaiona moja kubwa, na nyingine zote zinatoka humo: kwetu sisi wa huku, Kiarabu ni lugha ya kusoma kabla ya kuwa lugha ya kuongea. Thamani yake iko kwenye karatasi.

Chukueni Dubai ile ile. Sokoni hukihitaji Kiarabu, lakini siku mzigo unapopotea au mwenzako anapokataa kurudisha pesa, mambo yanahama kutoka kwenye kikokotoo kwenda kwenye karatasi. Lugha ya mahakama za Falme za Kiarabu ni Kiarabu. Mikataba mingi huko huandikwa kwa safu mbili, Kiarabu upande wa kulia, Kiingereza upande wa kushoto, na mkifika mbele ya hakimu inayosomwa ni ile ya kulia. Hati ya lugha nyingine sharti kwanza itafsiriwe na mtafsiri aliyeidhinishwa. (Ipo mahakama ya eneo la fedha la Dubai inayotumia Kiingereza, lakini hiyo ni hasa ya mabenki na makampuni makubwa. Mama mwenye makatoni yake kumi haimhusu.)

Na wapo wanaokwenda bila makatoni. Mnawajua mawakala wanaopita mitaani wakiwaahidi wasichana kazi za ndani katika nchi za Ghuba. Binti anapewa karatasi, anaonyeshwa mahali pa kuweka sahihi, anaambiwa mshahara ni kiasi fulani. Kule kibali chako cha kuishi kimefungwa kwa mwajiri wako. Ukishafika si rahisi kusema nimebadili mawazo. Sasa tazameni hapa ubaoni. Nimeandika ٦٠٠. Nani anaweza kunisomea? Kijana yule amesema saba na nukta mbili, na macho yake hayakukosea, maana sita yao inafanana sana na saba yetu, na sifuri yao ni nukta tu. Hiyo ni mia sita. Na hii hapa, ٥, inayofanana na sifuri yetu, ni tano. Tarakimu hizi kumi mtu anazishika kwa nusu saa. Sidai kwamba nusu saa itamkinga binti na kila ubaya. Nasema kwamba atajua ameahidiwa nini kabla ya kuweka sahihi, na kwamba wakala akiona anafuata mistari kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto, atabadili namna ya kuongea naye.

Karatasi za aina ya pili zinatuhusu zaidi, na hapo nitakaa.

Kati ya mwaka 1892 na 1894 majeshi ya Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, yakiongozwa na Francis Dhanis, yalipigana na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliokuwa wameshika Nyangwe, Kasongo na Maniema nzima. Vita yenyewe mnaijua. Jambo ambalo hatulikazii shuleni ni kwamba watu wale walikuwa waandishi. Waliandikiana barua za biashara, za madeni, za mapatano, na vita ilipoanza wakaandikiana habari za vita. Waliandika kwa Kiarabu, au kwa Kiswahili chenye herufi za Kiarabu, kwa sababu zama hizo Kiswahili kiliandikwa hivyo. Miji ilipotekwa, karatasi nazo zilitekwa. Leo ziko Ubelgiji, baadhi yake katika jumba la makumbusho la Tervuren, pamoja na vinyago na ngoma zetu. Lakini vinyago tumevililia sana na karatasi hatuzitaji, nafikiri kwa sababu kinyago hakihitaji kusomwa.

Hata Tippu Tip mwenyewe, Hamed bin Muhammad, mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, ambaye Leopold alimfanya gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, hapo ndipo Kisangani ya leo, alipozeeka Unguja aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi hizo hizo za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyezihamisha kwenye herufi za Kilatini na kuzichapisha. Humo anasimulia safari zake za huku bara, anasimulia vita vyake na Nsama wa Watabwa, anazungumza juu ya pembe na watu kwa sauti moja, bila kushtuka. Inatia baridi. Lakini ni sauti yake, si sauti ya ofisa wa Kibelgiji anayesimulia juu yake.

Najua wazee wawili watatu hapa mbele wananitazama kwa jicho kali. Wanasema moyoni: hao si ndio waliotuuza? Ndio hao. Livingstone alikuwepo Nyangwe mwezi wa Julai 1871, siku watu wa misafara walipofyatua bunduki sokoni na kuua wanawake waliokuja kuuza samaki na mihogo. Sitawaomba msahau. Nauliza jambo moja tu: daftari la aliyemuuza babu yangu, kwa nini lisomwe na kila mtu isipokuwa mimi? Profesa wa Ulaya analisoma. Anaandika kitabu kwa Kifaransa, kitabu kinafika Lubumbashi kwa bei ya mshahara wa mwalimu, ndipo sisi tunajua watu wa Kasongo waliandikiana nini. Kijana anayetaka kusoma historia UNILU, chuo kikuu chetu cha Lubumbashi, ajue hivi. Kifaransa kitampa ripoti za maofisa, na hizo ni nyingi na zimepangwa vizuri. Lakini maofisa walikuwa wakijibizana na watu, na majibu ya watu hao yako katika maandishi ambayo kwake ni michirizi tu.

Tuuache uchungu kidogo, twende kwenye shaba. Katika mji huu hakuna asiyekuwa na la kusema juu ya shaba.

Ibn Battuta wa Tangier, msafiri yule aliyefika Kilwa mwaka 1331, alivuka Sahara akiwa mtu mzima, na mwaka 1353 akawa katika mji uitwao Takedda, katika nchi tunayoiita leo Niger. Aliporudi Moroko, sultani aliagiza safari zake ziandikwe. Katika maandishi hayo kuna ukurasa juu ya Takedda ambao ningependa kila mhandisi wa migodi anayetoka mji huu ausome. Anasema mgodi uko nje ya mji. Watu wanachimba, wanaleta mawe mjini, wanayayeyusha majumbani mwao, na kazi hiyo inafanywa na watumwa, wanaume kwa wanawake. Shaba ikishakuwa nyekundu wanaifanya fito. Sasa sikilizeni urefu wa fito hizo kwa maneno yake mwenyewe, nitasoma polepole: fi tuli shibrin wa nisf. Nani amesikia kitu? Mama amesema shibiri. Na nusu, ndiyo. Shibiri moja na nusu. Mama hajawahi kukaa darasa la Kiarabu hata siku moja, na ameelewa kipimo cha mtu aliyeandika karne saba karibu zilizopita.

Anaendelea. Fito nyingine ni nyembamba, nyingine nene, na hizo ndizo pesa zao. Kwa zile nyembamba wananunua nyama na kuni. Kwa zile nene wananunua watumwa, mtama, samli na ngano. Anataja hata ubadilishaji: fito nene mia nne kwa mithkali moja ya dhahabu, nyembamba mia sita au mia saba.

Mkisikia hayo nadhani mawazo yenu yanakwenda mahali pamoja na ya kwangu. Misalaba yetu ya shaba, ile iliyofukuliwa makaburini Sanga kando ya ziwa Kisale, ile iliyochorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, ile midogo ilikuwa pesa vilevile. Mafundi wa shaba wa kando ya Sahara na mafundi wa shaba wa kwetu, wasiojuana kabisa, walifikia wazo moja. Tofauti ni kwamba Takedda alipita mtu mwenye kalamu. Sisi wa karne zile tuna misalaba lakini hatuna bei. Hatujui mmoja ulinunua jembe au kuku au mke. Mwanafunzi wa uchumi anayetaka kulinganisha, akisome kile kipande cha Ibn Battuta katika lugha yake, maana watafsiri hawakubaliani juu ya kila neno la ufundi humo, na yeye aliyezaliwa karibu na tanuri la kuyeyushia anaweza kuona ambacho mtafsiri wa maktabani hakukiona.

Na huyo ni mtu mmoja. Historia iliyoandikwa ya Ghana ya kale, Mali na Songhai, kabla ya Wazungu kufika pwani, sehemu kubwa sana iko katika Kiarabu. Waandishi wengine walikuwa wageni, wengine walikuwa watu weusi wa Timbuktu wenyewe, wakiandika juu ya mji wao. Tukisema Afrika haikuandika, mara nyingine maana yake ni kwamba hatusomi lugha iliyoandikiwa.

Haya. Mtauliza: inawezekana? Wamarekani wanaowafundisha lugha wanadiplomasia wao wamekadiria kwamba Mmarekani anahitaji saa 2,200 za darasa ili aimudu Kiarabu kazini. Kwa Kiswahili wanakadiria kama 900. Kwa hiyo ni lugha nzito, sitawaficha. Lakini hesabu hiyo ni ya mtu anayetoka kwenye Kiingereza. Sisi tunaanzia mbele yake, ingawa si mbele sana kama wanavyojisifu watu wa pwani.

Tunaanzia mbele kwa sababu hii. Kiarabu kinajenga maneno yake juu ya mizizi ya konsonanti, kwa kawaida tatu, kisha kinabadilisha irabu na kuongeza viambishi. Chukueni h, k, m. Hukumu. Hakimu. Mahakama. Hekima. Mnayo yote manne tangu utoto, mnayatumia kila mara mtu wa mtaa anapopelekwa mbele ya sheria, ila hakuna aliyewaambia kwamba yametoka tumbo moja. Mwanafunzi wa London anapokutana na mzizi huo anakariri kutoka sifuri. Wewe unakumbushwa. Hata kamusi zao nyingi zimepangwa kwa mzizi: ukitafuta mahakama kwenye herufi ya m utazunguka mpaka jioni, sharti uende kwenye h. Ukishaizoea kamusi ya namna hiyo, kila neno unalolifungua linakuletea jamaa zake watano, na nusu yao wameshakula bukari nyumbani kwenu.

Kinachotupunguzia mwendo ni ulimi. Lubumbashi tunasema zahabu, zambi, luga. Tumelainisha sauti ambazo mtu wa Mombasa bado anazitamka, na katika Kiarabu zinatenganisha maana. Kwa hiyo dh, th, gh na kh itabidi tuzirudie kama watoto. Zipo nyingine ambazo hata Mmombasa hana, ile ayn inayotoka kooni hasa, ile h nzito, ile q. Hapo ndugu zetu Waislamu waliopitia madrasa wanatushinda mbali. Wengine wamehitimu Kurani yote kwa kusoma bila kuelewa maana ya maneno, na watu wanawacheka kwa hilo. Mimi nasema wana nusu ya kazi mkononi. Herufi wanazo, sauti wanazo, wamebakiza sarufi na msamiati. Kama mko humu, ninyi ndio ningependa kuwaona wa kwanza.

Kuna jambo lingine linalowavunja moyo wageni wengi, nalo ni kwamba Kiarabu ni zaidi ya kimoja. Kipo cha vitabu, magazeti na taarifa za habari, kinaitwa fus-ha, na hicho kinafanana kutoka Moroko mpaka Iraki. Kisha kila nchi ina cha nyumbani: Mmisri ana chake, Mlebanoni chake, na Mmoroko ana darija ambayo hata Waarabu wengine wanaiomba irudiwe. Mgeni anasoma miaka mitatu, anashuka Cairo, anaongea kama mtangazaji wa redio, dereva wa teksi anatabasamu. Anajiona ameibiwa. Mtu wa Lubumbashi hawezi kushangaa. Sisi tuna Kiswahili bora cha kanisani na cha redioni, na tuna cha kwetu cha mitaa ya Kenya na Katuba hapa mjini, na hakuna anayechanganyikiwa. Padri anahubiri kwa kimoja, akivuka mlango anauliza bei ya "bintu" kwa kingine. Tumezaliwa ndani ya hali hiyo. Ushauri wangu ni mkali kidogo na walimu wengine wataupinga: anzeni na fus-ha, kaeni nayo mpaka mnasoma, na cha nyumbani mkichukue siku mtakapojua mnakwenda nchi gani.

Sasa niseme na wazazi, maana Bwana prefe ameninong'oneza kwamba wapo waliokuja na hofu. Mtoto akijifunza Kiarabu, atasilimu? Wamama, wababa, Wakristo wa Lebanoni wanasali kwa Kiarabu. Wakopti wa Misri, ambao ukristo wao ni wa kale kuliko wa makanisa mengi tunayoyajua, wanahubiriwa kwa Kiarabu, na wakimwita Mungu wanasema Allah, kwa sababu hakuna neno lingine la kawaida. Biblia ya Kiarabu inayotumika sana miongoni mwa Waprotestanti ilikamilika Beirut mwaka 1865. Mtoto wako akisilimu, atakuwa amesilimu kwa sababu zake. Sarufi haimbatizi mtu wala haimsilimishi. Na Mwislamu aliyemo humu asione nawadogosha: Kurani ndiyo iliyoishikilia fus-ha isivunjike vipande kama Kilatini kilivyovunjika, na kila anayeisoma lugha hiyo, awe nani, ananufaika na kazi hiyo.

Nimesema Kiarabu hakileti kazi ya mwezi ujao. Kazi ya miaka mitano ijayo ni habari nyingine, na hapa Mkongo ana kitu ambacho wengi wa Afrika Mashariki hawana. Mkenya akijifunza Kiarabu ana Kiarabu na Kiingereza. Katika foleni hiyo kuna Wasudani na Wamisri wengi mbele yake. Ninyi mna Kifaransa. Tazameni ramani. Chad, lugha rasmi ni Kifaransa na Kiarabu. Jibuti, hizo hizo mbili. Komoro, hizo mbili pamoja na Kikomoro, ambacho kina undugu wa karibu na Kiswahili. Mauritania, Moroko, Algeria, Tunisia: Kiarabu ni rasmi na Kifaransa kinatumika ofisini na vyuoni. Mashirika ya misaada yanayofanya kazi mashariki ya Chad yanataka mtu anayeandika ripoti kwa Kifaransa asubuhi na kuongea na wakimbizi wa Darfur kwa Kiarabu mchana. Mganga wa hospitali, mhandisi wa maji, mhasibu kutoka Lubumbashi mwenye lugha hizo mbili ni mtu adimu. Ongezeni kwamba Kiarabu ni moja ya lugha sita za Umoja wa Mataifa, kiliingia tarehe 18 Desemba 1973, na kwamba katika Umoja wa Afrika kimekaa pamoja na Kiswahili kama lugha rasmi. Mtu wa kutafsiri moja kwa moja kati ya hizo mbili, bila kupitia Kiingereza njiani, ana uwanja mpana.

Moroko pia hutoa nafasi za masomo kwa wanafunzi wa nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo. Masomo ya sayansi huko mara nyingi ni kwa Kifaransa, kwa hiyo unaweza kumaliza bila Kiarabu, na wengi wanamaliza hivyo. Wanakaa miaka mitano wakinunua mkate kwa kuonyesha kidole. Naona ni hasara kubwa.

Kwa vijana wa mpira neno moja, maana nimeona jezi nyeusi na nyeupe kule nyuma. Makao makuu ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, yako Misri. Mazembe ilipocheza fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, Desemba 2010, ilikuwa Abu Dhabi. Wachezaji wetu wanaouzwa nje wakiwa vijana, wengi wanapita Casablanca, Cairo, Tunis, Algiers. Soko lao liko huko, na wanakwenda na wakala anayesoma kwa niaba yao.

Namna ya kuanza, nitasema kwa ufupi. Herufi ni 28, na nyingi hubadilika umbo kidogo kulingana na mahali zilipo katika neno. Wiki tatu zinatosha, ukiandika kila siku kwa mkono, nusu saa, bila kuruka. Msikubali hata siku moja kujifunza kwa maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini. Ni njia ya mkato inayokurudisha ulikotoka. Anzeni na vitabu vya watoto wao, kwa sababu vina alama za irabu juu na chini ya herufi. Gazeti la watu wazima halina, msomaji anajazia mwenyewe akilini, na uwezo huo unakuja baadaye pamoja na mizizi niliyowaonyesha. Simu inasaidia, lakini mega zinakwisha na umeme unakatika, kwa hiyo pakueni masomo mapema mkipata mtandao, na daftari liwe ndilo kitu kikuu. Somo la kwanza andikeni majina yenu. Wenye jina kama Mpoyo au Pande wataona wenyewe kwamba Kiarabu hakina p, watalazimika kuandika b, na wenzao watawacheka wiki nzima.

Juu ya meza ile kuna karatasi. Wanaotaka kuanza waandike jina na namba ya kidato. Tutakutana Jumamosi baada ya mtihani wa serikali, saa nane mchana, katika chumba hiki hiki, na Bwana prefe amekubali hatatoza kitu. Aliyepita madrasa aandike hivyo pembeni mwa jina lake, maana nitahitaji wasaidizi wa matamshi kuliko ninavyohitaji wanafunzi. Sasa maswali. Mzee wa hapa mbele ameinua mkono tangu nilipomtaja Tippu Tip, aanze yeye.